Akidi

Saa nane na robo usiku, Klaksvík,
chini ya hospitali, ukishapita chumba cha kufulia mashuka.
"Ligaya, kadi?" anauliza Høgni kwenye kipaza sauti.
Mwaka wa kumi na moja anaijua sauti yangu,
anakijua hata kikohozi changu,
ila mlango haujui kikohozi.
Napitisha kadi. Taa ya kijani. Naingia.

Walikuwa watatu.
Tuliwapa majina ya ndege wa majabali ya hapa:
Tjaldur, Lundi, Lomvigi.
Tjaldur alikufa Jumanne, diski mbili kwa mpigo,
kimya, kama mtu anayezima taa ya ukumbini
asiwaamshe wenziwe.
Wakabaki wawili,
na akidi yao ni wawili kati ya watatu:
mmoja akipepesa tu, daftari la wagonjwa linajifunga
na daktari anabaki na kalamu mkononi.

Huyu mpya ni Súla.
Nimemtoa kwenye boksi mwenyewe,
kilo ishirini na moja na harufu ya plastiki.
Reli mbili, skrubu nne, kebo ya bluu, kebo ya manjano.
Feni zikapiga yowe, kisha zikashusha pumzi.

Hodi ya humu haina sauti. Hodi ya humu ni cheti,
kilichotiwa sahihi na mashine isiyojua mtandao,
inayolala kabatini kwa funguo mbili,
mmoja wangu, mmoja wa Høgni.
Nikamsomea alama ya kidole, herufi sitini na nne,
naye akiitikia kama mtoto wa chuoni:
nne, tisa, efu, a,
a, sifuri, sifuri, be…
hadi mwisho, bila kuruka.

Súla akakikataa cheti chake mwenyewe.
*Muda wake haujaanza.*

Nikasoma tena. Nikabadili kebo.
Nikashuku swichi, nikashuku ukuta,
nikamshuku Høgni, Mungu anisamehe.
Kumbe saa.
Súla alikuwa bado anaishi jana,
nyuma siku moja na dakika sita,
ameshika barua ambayo kwa hesabu yake
haijaandikwa.

Nikacheka peke yangu mle ndani.
Mwaka wangu wa kwanza hapa nilikuwa nikiamka kwa saa za Iloilo,
napika wali watu wakiwa usingizini,
nasinzia kanisani.
Mama mkwe wangu, Sunniva, hakunihubiria.
Alileta nyundo na msumari
akatundika saa ya ukutani mbele ya kitanda changu,
akarudi kumenya viazi vyake.

Basi nikamwekea Súla saa.

Lundi akauliza. Lomvigi akauliza.
Kila mmoja alionyesha cheti, kila mmoja alionyeshwa;
humu hata mwenyeji hujitambulisha.
Kisha kumbukumbu zikaanza kuhama, zimefumbwa zote,
mizio ya penisilini, uzito wa vichanga,
majina ya watu ninaokutana nao dukani,
na mimi sioni ila mstari unaosogea:
asilimia tisa. Kumi na moja. Kumi na moja. Kumi na moja.
Kura bado hana.
Sikiliza kwanza, mwanangu. Wenzio wana ya tangu zamani.

Saa kumi na moja alfajiri nikampa kura,
nikachomoa kebo ya Lundi makusudi.
Moja.
Mbili.
Lomvigi akauliza gizani: nani yuko nami?
*Mimi*, akasema Súla.
Ghorofa ya tatu muuguzi akaandika joto la mtoto,
thelathini na saba nukta nane,
akageuza ukurasa, hakujua kitu.

Imebaki kazi moja, na siipendi.
Diski za Tjaldur nazibana kwenye jiriwa, nazitoboa kwa drili,
matundu matatu kila moja,
siri za watu zisitoke naye.
Vumbi la chuma likaniingia kwenye mkono wa sweta.
Lebo ya jina lake nimeibandua kwa ukucha.
Iko mfukoni, nyuma ya kadi.